Wiki moja ya baiskeli Rioja: hesabuni vilima kabla ya kilomita

Swali la msomaji: "Tunaishi Utrecht, Uholanzi, mimi nina miaka 48 na mume wangu 55. Kila mwisho wa wiki tunaendesha baiskeli kilomita 40 hivi, lakini huku kwetu hakuna hata kilima. Tunataka wiki moja mashambani Hispania, kwenye mizabibu, barabara tulivu, bila kujiunga na kundi la watalii. Mume wangu ni Mwislamu, hanywi pombe wala hali nguruwe. Twende wapi, lini, kilomita ngapi kwa siku, na tujiandae vipi?"

Dada, nendeni Rioja, mkoa wa mvinyo wa kaskazini mwa Hispania, na mkishafika humo msitoke. Hispania ni kubwa, na kosa la kwanza la wenye wiki moja ni kutaka kuunganisha mikoa miwili ya mvinyo, halafu siku mbili zinaishia vituoni mkitafuta treni inayokubali baiskeli. Rioja ni ndogo na imejaa. Bonde la mto Ebro limebanwa kati ya milima ya Sierra de Cantabria kaskazini na Sierra de la Demanda kusini, na katikati yake vijiji viko jirani, mara nyingi kilomita 4 hadi 8 kutoka kimoja hadi kingine. Malori na wenye haraka wana barabara zao kuu, AP-68 na A-12. Barabara za vijijini wameachiwa wenye trekta, wenyeji, na nyinyi.

Mzunguko ninaoupendekeza unaanzia na kuishia Logroño, kilomita 180 hivi kwa siku 6 za kuendesha. Najua mtaona ni chache kwa watu waliozoea 40 kwa siku. Lakini kwenu kipimo ni kilomita, na Rioja kipimo ni mita za kupanda. Logroño iko mita 384 juu ya usawa wa bahari, Nájera 485, Ezcaray 813, Haro 479, Laguardia 635. Na kati ya mji na mji kuna mabonde ya vijito ambayo namba hizo haziyaonyeshi: mnashuka, mnapanda, mnashuka tena. Mwendeshaji wa kawaida mwenye mizigo hutumia dakika 12 hadi 15 kwa kila mita 100 za kupanda. Siku yenye mita 500, basi, ina zaidi ya saa nzima ya kazi ngumu hata kama njia yote ni kilomita 30. Zaidi ya hapo, miji ya huku ilijengwa vilimani kwa ajili ya ulinzi, kwa hiyo kilima cha mwisho kinawangoja mlangoni pa hoteli, jua likiwa kali na miguu imeshachoka. Laguardia ndivyo ilivyo, na San Vicente de la Sonsierra vilevile.

Habari njema ni kwamba kilima kwenu kipo. Safu ya vilima ya Utrechtse Heuvelrug haiko mbali na nyumbani, na Amerongse Berg ina mita 69. Ipandeni mara tano mfululizo mkiwa na mifuko iliyojaa, Jumapili nne kabla ya safari. Lengo si mwendo kasi. Ni kuzoea kupanda mkiwa mmekaa kwenye siti, kwa pumzi inayowaruhusu kuzungumza.

Gia ndizo zitakazoamua kama shemeji atafurahi au atasukuma baiskeli. Hesabu meno ya sahani ndogo ya mbele na meno ya sproketi kubwa ya nyuma. Baiskeli nyingi za mjini zina kama 40 mbele na 32 nyuma: kila mzunguko wa pedeli unakusogeza karibu mita 2.75. Kwa mizunguko 60 kwa dakika hiyo ni kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao kwenye mwinuko wa asilimia 8 mtu wa kawaida mwenye mzigo hauwezi kwa muda mrefu. Atapunguza mizunguko, atakanyaga kwa nguvu za magoti, na siku ya tatu magoti yatauma. Mkipata 30 mbele na 36 nyuma, mzunguko mmoja ni mita 1.8 hivi, na mnapanda kwa kilomita 6 na nusu kwa saa bila kujiumiza. Kanuni ya kukariri dukani ni hii: meno ya nyuma yawe mengi kuliko ya mbele, au angalau yalingane.

Ndiyo maana nashauri mkodi baiskeli Logroño badala ya kubeba zenu. Agizeni wiki kadhaa kabla, mtaje urefu wenu, gia za namna hiyo, tairi za upana wa milimita 35 hadi 40, na keria ya nyuma. Kama mmoja wenu ana nguvu kuliko mwenzake, mwenye nguvu kidogo achukue ya umeme bila kuona haya. Hakuna kinachoharibu likizo ya wawili kama mmoja kumsubiri mwenzake juu ya kila kilima. Ya umeme lazima ikodiwe, kwa sababu betri yake, mara nyingi ya saa-wati 400 hadi 500, hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria. Kikomo ni 160. Mizigo isizidi kilo 8 kwa kila mtu.

Kuhusu wakati, chagueni katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, au nusu ya pili ya Septemba hadi siku za mwanzo za Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 na mashambani hakuna kivuli. Mei mizabibu ni ya kijani kibichi, vyumba vinapatikana na siku ni ndefu. Septemba kuna mavuno, na hapo mtalipa gharama yake: trekta zenye matela ya zabibu kwenye barabara nyembamba, bodega (nyumba za kutengeneza mvinyo) zenye shughuli nyingi, na Logroño iliyojaa kwa sikukuu ya San Mateo karibu na tarehe 21. Kwa safari ya kwanza mimi ningechagua Mei.

Siku ya wiki ya kuanza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Jumatatu monasteri na makumbusho mengi hufungwa. Jumapili maduka hufungwa, pamoja na maduka ya baiskeli, na bodega nyingi hazipokei wageni mchana. Kwa hiyo fikeni Ijumaa. Mkifanya hivyo, Jumatatu itaangukia siku ya kuendesha tu, na siku za bodega zitakuwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Rukeni hadi Bilbao. Basi la uwanja wa ndege linafika kituo kikuu cha mabasi, na kutoka hapo hadi Logroño ni saa mbili hivi.

Ijumaa mchana chukueni baiskeli na mzijaribu palepale: rekebisheni kimo cha siti, kanyageni breki zote mbili kwa nguvu, pitisheni gia zote. Jioni nendeni Calle Laurel, uchochoro wa baa zinazouza kila moja kitoweo chake kimoja au viwili.

Jumamosi ni Logroño hadi Nájera, kilomita 30 hivi. Mnatoka mjini kwa njia ya lami hadi bwawa la La Grajera, kisha Navarrete, mji wa wafinyanzi. Hapa mnafuata Camino de Santiago, njia ya mahujaji. Watembea kwa miguu ni wengi. Pigeni kengele mapema na wapeni nafasi. Njia ikigeuka mawe na makorongo, rudini kwenye barabara ya lami iliyo kando bila kusita. Kati ya Ventosa na Nájera kuna mlima wa Alto de San Antón, mtihani wenu wa kwanza. Nájera nunueni chakula cha Jumapili kabla maduka hayajafungwa.

Jumapili ni kilomita 20 tu hadi San Millán de la Cogolla, lakini ondokeni saa 2:30 asubuhi. Mnapita Azofra na Cañas, penye abasia ya Kisistersia ambayo baadhi ya madirisha yake yamezibwa kwa alabasta, jiwe linalopitisha mwanga, badala ya kioo, kisha Berceo. San Millán ina monasteri mbili, Suso ya juu na Yuso ya chini, zilizoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1997. Glosas Emilianenses, maelezo yaliyoandikwa pembeni mwa kitabu cha Kilatini na kuhesabiwa miongoni mwa maandishi ya awali ya lugha ya wenyeji, yametoka hapa. Suso haifikiwi kwa baiskeli wala gari binafsi. Mnapanda basi dogo kutoka Yuso, na nafasi ni chache, kwa hiyo wekeni tiketi kabla hamjatoka Uholanzi. Kijiji ni kidogo, na chumba pia kiwekwe mapema.

Jumatatu ndiyo siku ngumu: San Millán, Villar de Torre, Manzanares de Rioja, Santo Domingo de la Calzada, halafu Ezcaray, jumla kilomita 35 hivi. Nusu ya kwanza ni kupanda na kushuka mashamba ya ngano, na upepo unaweza kuwa wa mbisho. Bonde la Ebro lina upepo wake, cierzo, unaotoka kaskazini-magharibi. Ukivuma, hesabuni saa moja ya ziada na msishindane nao. Santo Domingo, ndani ya kanisa kuu, kuna jogoo na kuku hai wanaofugwa kwenye kizimba kirefu ukutani, kumbukumbu ya hekaya ya kuku aliyekwisha kupikwa akafufuka mezani ili kuthibitisha kwamba kijana aliyenyongwa hakuwa na hatia. Kuanzia hapo mnaingia Vía Verde del Oja, njia ya reli ya Haro hadi Ezcaray iliyofungwa mwaka 1964 na kugeuzwa ya baiskeli na miguu. Treni haziwezi vilima vikali, kwa hiyo mwinuko ni mpole muda wote, mto Oja uko kando yenu, na mnapita Santurde na Ojacastro. Ezcaray usiku ni baridi hata Juni. Hapo ndipo sweta litakapoonekana halikubebwa bure.

Jumanne ni zawadi. Njia ileile inashuka hadi Casalarreina, kisha Haro: kilomita 35, mita zaidi ya 330 kwenda chini. Mtafika kabla ya chakula cha mchana, na alasiri ni ya Barrio de la Estación, mtaa wa kituo cha reli ambako bodega za zamani zimesimama ukuta kwa ukuta, López de Heredia ya 1877 na CVNE ya 1879 zikiwa miongoni mwao. Zilikusanyika hapo kwa sababu ya treni: mapipa yalitoka ghalani na kuingia behewani. Na soko lilikuwa Ufaransa, ambako mdudu wa filoksera alikuwa ameangamiza mizabibu kabla hajafika Rioja.

Jumatano, Haro hadi Laguardia, kilomita 30: Briñas, Labastida, San Vicente de la Sonsierra, Ábalos, Samaniego. Mlima uko kushoto kama ukuta mrefu, mto uko chini kulia, na cierzo ikivuma leo inawasukuma mgongoni. Laguardia imezungushiwa ukuta na chini yake pametobolewa mamia ya maghala, yaitwayo calado. Ndiyo sababu magari yamezuiwa kupita humo, na nyinyi mtasukuma baiskeli. Shukeni kwenye calado moja. Ngazi ni nyembamba, hewa inakuwa ya ubaridi ghafla, ukuta una unyevu na ukungu mweusi, na hali hiyo haibadiliki sana kati ya kiangazi na majira ya baridi. Ndicho kitu mvinyo unachohitaji ili ukomae taratibu. Alasiri, bila mizigo, mnaweza kushuka Elciego, kilomita 6 au 7, kuona hoteli ya Frank Gehry kwenye bodega ya Marqués de Riscal, iliyofunguliwa mwaka 2006. Kumbukeni kurudi ni kupanda.

Alhamisi kuna A-124 moja kwa moja hadi Logroño, kilomita 18, lakini ina magari. Afadhali Elvillar, Lanciego na Oyón, kati ya kilomita 25 na 30. Karibu na Elvillar kuna kaburi la mawe la kale, Chabola de la Hechicera, hatua chache kutoka barabarani. Rudisheni baiskeli kabla ya saa 8 mchana, au baada ya saa 11 jioni. Katikati duka limefungwa.

Sasa mambo yanayoharibika. La kwanza ni tope. Udongo wa Rioja ni mfinyanzi wenye chokaa, mzuri kwa zabibu na adui wa baiskeli. Mvua ikinyesha, njia za mashambani zinashika tairi kama ugali mbichi: tope linajaa kati ya gurudumu na fremu, gurudumu linagoma, mtu anakanyaga kwa nguvu zaidi, na kibadilisha gia cha nyuma kinavutwa kuingia kwenye spoku. Kipande kidogo cha aluminiamu kinachokishikilia kwenye fremu kimeundwa kivunjike chenyewe ili fremu ipone, na kikivunjika safari ya siku hiyo imekwisha. Kwa hiyo baada ya mvua kaeni kwenye lami siku nzima inayofuata, hata kama jua limewaka. Mkinaswa, shukeni mara moja, kwangueni tope kwa kijiti, bebeni baiskeli hadi kwenye lami. Ombeni duka liwape kipande cha akiba. Kila aina ya fremu ina chake, na kijijini hamtakipata.

La pili ni mbigili, mmea wa miiba unaotambaa kandokando ya njia kavu mwisho wa kiangazi. Msiegeshe baiskeli kwenye majani. Iacheni juu ya lami au saruji. Bebeni tyubu mbili kila mmoja, viraka, vyuma vitatu vya kubandulia tairi na pampu. Kabla ya kuweka tyubu mpya pitisheni vidole taratibu ndani ya tairi kutafuta mwiba, maana pancha ya pili dakika kumi baadaye karibu kila mara ni mwiba uleule. Tairi za milimita 38 zijazwe bar 3 hadi 3.5, mkizijaza kama za mjini zitarukaruka kwenye changarawe ya Vía Verde na mikono itakufa ganzi.

Ratiba ya chakula itawasumbua kuliko vilima. Jiko la mchana linafunguliwa saa 7:30 na kufungwa saa 9:30; la usiku halianzi kabla ya saa 2:30 au saa 3. Atakayefika kijijini saa 10 alasiri na njaa hatapata chakula cha moto. Kuleni mlo mkuu mchana, menú del día, vyakula viwili na kitindamlo kwa bei moja, na bebeni mkate, jibini na matunda daima. Maji yako kwenye mabomba ya vijijini. Palipoandikwa "no potable" msinywe.

Shemeji awe macho, kwani nguruwe hapa huingia hata kwenye mboga. Patatas a la riojana, viazi vya kienyeji, vina soseji ya chorizo. Menestra, mchuzi wa mboga, mara nyingi una ham, na samaki wa mtoni anaweza kuja na ham ndani yake. Ukiomba chakula "bila nyama", wengine hawahesabu ham kuwa nyama. Ulizeni kwa kutaja: "¿Lleva jamón, chorizo, tocino o vino?" Neno la mwisho ni mvinyo, ambao huingia kwenye michuzi mingi. Chewa wa nyanya na pilipili, bacalao a la riojana, pilipili za kuchoma, asparaga, kimanda cha viazi na jibini la mbuzi la camerano vitamtosha, baada ya swali lilelile. Baani aombe mosto, juisi ya zabibu isiyochachuka. Inapatikana karibu kila mahali na hupewa kwenye glasi nzuri kama ya wengine.

Wewe, ukitaka kuonja, weka miadi ya bodega siku kadhaa kabla, na iwe kwenye mji mtakaolala, baada ya baiskeli kufungiwa. Sheria ya Hispania inampima mwendesha baiskeli pombe kama dereva: kikomo ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na faini huanzia euro 500. Ukiwa na miadi ya asubuhi, tumia chombo cha kutemea, hakuna atakayekushangaa. Lebo ndogo ya nyuma ya chupa inakusomea umri wake kwa rangi: kijani ni mvinyo usiolazimika kukaa pipani, nyekundu ni crianza, miaka miwili ambayo mmoja angalau ni kwenye pipa la mwaloni, nyekundu ya damu ya mzee ni reserva, miaka mitatu, na buluu ni gran reserva, miaka mitano.

Helmeti ni lazima nje ya miji. Gari linalowapita linatakiwa liache mita 1.5; baadhi ya madereva hawaziachi, kwa hiyo msijibane ukingoni kabisa, acheni nafasi ya kukwepa. Bebeni taa hata kwa safari za mchana. Nambari ya dharura ni 112, na kadi ya bima ya afya ya Ulaya huwa nyuma ya kadi yenu ya bima ya Uholanzi. Kama mnasafiria pasipoti isiyo ya Umoja wa Ulaya, kibali cha ukaazi kiwe mfukoni pamoja nayo, kwani hoteli zinaandikisha kila mgeni.

Chupa za kupeleka nyumbani nunueni Laguardia, si kabla. Moja ina kilo 1.2 hadi 1.5, sita ni karibu kilo 8, sawa na mzigo wote wa mmoja wenu. Bodega nyingi hutuma sanduku hadi mlangoni ndani ya Umoja wa Ulaya. Ulizeni bei ya kutuma kabla ya kulipia mvinyo wenyewe.